Tatu ya Kwaya ya Kakese

Kakese, Jumanne, 1996

Leo tena Erasto, mwalimu wa kwaya yetu, kaleta yale makaratasi ya alama za shindano la Katumba, akayatandaza kitandani kwangu. Kwaya za nchi nne, jaji mmoja kila nchi, mimi nikiwa wa nchi yetu, na karatasi hazina majina ya majaji.

"Angalia, Mzee. Warundi wana tisa yao, Wazambia wana tisa yao. Kila jaji kabeba watu wake. Sasa sisi nani katupa tatu? Ni yule Mzaire tu!"

"Labda," nilisema.

"Labda nini? Wewe si ndiye uliyetupa tisa, mtu wa kwetu!"

Nilikohoa ili nisicheke.

Hiyo tatu ni yangu. Waliimba vizuri kuliko wote. Lakini mke wangu alikufa akiwa ametengwa na kanisa, na Erasto akaikataza kwaya kumwimbia. Tulimzika kimya, tukisikia udongo tu.

Kwa yule Mzaire najuta, anabeba lawama yangu. Kwa Erasto sijuti.

Akiaga alinishika mkono. "Siku yako ikifika, Mzee, tutakuimbia mpaka..."

Kesho nitamwambia. Kama bado atataka kuimba, aimbe akijua anamwimbia nani.