Redio ya Mlangoni

Mwanangu Kidole,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute umekula na umelala, maana najua ukishika kazi vyote viwili unavisahau. Sisi huku wazima. Miguu ndiyo inanisema kidogo, wa kushoto zaidi, lakini inanibeba. Dada yako anakusalimu sana. Mwanawe ameota jino la kwanza, limetoka la juu kabla ya la chini, basi akicheka anafanana na babu mmoja mlevi. Kile kikohozi chako kimekwisha? Kunywa maji ya moto, na usinijibu kwamba umekua.

Unisamehe mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la tatu, na haya nimeyaandika kwa siku tatu, nikichoka naweka kalamu. Dada yako alisema si upige simu tu, mama. Nikamwambia hili kwa simu siliwezi, ndugu yako atanikatiza kabla sijafika ninakokwenda. Yeye mwenyewe hajui nimeandika nini. Bahasha nimeigundisha kwa gundi ya viatu.

Kile chumba chako kinaendelea. Huu mwezi wa nne sasa tangu uihamishie karakana ya baba yako pale kwenye ukumbi wa maonyesho, na watu bado wanakuja. Wakifika wanasimama katikati, mikono nyuma, mijitu mizima, kama wameitwa kwa mwalimu mkuu. Kibao umeandika kikubwa, Tafadhali gusa kila kitu, na bado hawagusi. Mpaka niinuke kwenye kiti changu cha pembeni, ninapokiangalia chumba, niwaambie gusa baba, gusa mwanangu, hakiumi. Wakishaanza ndiyo hawaachi tena. Wanazungusha redio zote, wanavuta droo, wanamimina misumari midogo kwenye viganja. Bisibisi mbili zimeondoka na wageni, nimeleta nyingine kutoka nyumbani. Juzi mzee mmoja alikaa kwenye meza ya baba yako akafungua redio kweli kweli, akatoa miwani akavaa, akaitengeneza redio hiyo. Nilimwacha. Alivyokuwa akipuliza vumbi nilitazama pembeni.

Kuna mama mmoja anakuja kila Jumatano kwa ajili ya ile redio uliyoiwekea sauti ya masufuria yangu. Anaizungusha, anakaa, anafumba macho. Ananiambia ni masufuria ya mama yake hayo. Sijamwambia ni yangu. Nani anapenda kuambiwa hivyo.

Sasa nikueleze habari ya ile redio ya mlangoni, ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unakumbuka ulivyoniita siku ya kwanza, ukanisimamisha kizingitini, ukasema mama pita. Nikapita, na baba yako akasema, Mama watoto, usifunge mlango, nakuja sasa hivi. Nilishika ukuta. Wewe ulidhani ni furaha, ukanikumbatia, ukasema ulikuwa na miaka tisa ulipomrekodi kwenye kaseti bila yeye kujua. Na furaha ilikuwepo, sikatai. Miaka sita sijasikia ile sauti, na ile namna yake ya kuvuta neno sasa hivi mpaka linakuwa kesho. Watu wote waliokuwepo walicheka. Nikacheka nao.

Lakini mwanangu, ulivyoitengeneza, haingoji kuzungushwa. Mtu akikatiza mlangoni inasema yenyewe. Mgeni akiingia, anasema. Akitoka, anasema. Watoto wa shule wakija wanakimbia ndani nje, ndani nje, ili aseme tena, na wengine wanamwigiza. Siku moja nilihesabu mpaka mia na kumi, nikaacha. Narudi nyumbani namsikia ndani ya bomba la maji. Na saa kumi na moja jioni, nikishafagia, nikishaweka droo zote mahali pake, lazima nami nipite pale na funguo mkononi, maana umeme unazimwa na mlinzi kule chini nikishampa ufunguo. Ninapita, naye ananiambia usifunge mlango. Na kazi yangu ni kufunga mlango.

Wiki ya kwanza nilifunga. Ya pili nilifunga. Ya tatu nilisimama pale mpaka mlinzi akapanda ngazi kuuliza kama nimeanguka.

Baba yako kwenye kazi yake alinifundisha kitu kimoja tu. Redio ikikuchosha, alisema, usiizime, mwenyewe atadhani imekufa. Chomoa mguu mmoja wa waya wa spika. Taa inabaki inawaka, kila kitu kizima, ila haisemi. Basi nilichomoa. Nilisema ni jioni hii tu, asubuhi narudisha. Asubuhi nikasema nipumue kidogo mpaka saa nne. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Ni mimi. Hiyo redio haijaharibika hata siku moja.

Wageni wakaanza kuandika kwenye daftari la maoni kwamba ya mlangoni haisemi. Akaitwa fundi umeme wa ukumbi, yule tunayemwita Tochi kwa kuwa anatembea nayo mdomoni hata mchana. Mimi nikisikia funguo zake zinalia kwenye ngazi, nainuka mbio na huu mguu wangu mbovu, narudisha waya. Anafika, anapita mlangoni, redio inasema kama kasuku. Anapita tena, inasema. Ananiangalia, ananiuliza mama, tatizo liko wapi, nami namwambia labda inakuonea aibu. Anashuka, nachomoa. Mara sita hivyo. Ya mwisho alikaa na redio saa mbili nzima, akaifungua yote, akabadilisha waya ambao hauna kosa, na mimi nimekaa kwenye kiti changu namwonyesha ilipo bisibisi.

Halafu ikaja barua yako kwa msimamizi wa ukumbi. Umeandika kwamba fundi huyo ni mzembe, anasema ametengeneza kumbe hajagusa, na kwamba aondolewe aletwe anayejua kazi. Sikulaumu, ungejuaje. Msimamizi alimsomea mbele yetu sote. Akamwambia Jumatatu akabidhi funguo. Tochi aliitoa tochi yake mdomoni akaiweka mfukoni, hiyo tu.

Mchana ule, tukila, nilimwambia. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari. Alitafuna mpaka akamaliza, akasema mama, mimi nimeshakwenda hospitali mara mbili kupimwa masikio. Mke wangu anasema nimeanza kusikia redio zisizosema. Kisha akacheka, lakini kile kicheko hakikuwa na meno. Akaniambia nenda kamwambie mwenye ofisi.

Nilikwenda. Msimamizi aliniketisha vizuri, akaniuliza kwa nini nilichomoa. Nikasema nimechoka. Akasema mama, mtu hachomoi waya wiki kumi kwa kuchoka. Akasema anajua mimi na Tochi tunakula pamoja, anaelewa namwonea huruma, lakini yeye anafuata barua ya mwenye kazi, na mwenye kazi ni wewe. Sababu sikumpa. Siwezi kumpa yule kijana sababu ambayo wewe hunayo.

Basi sababu ikae hapa, kwenye barua hii. Nimeweka kalamu mara nyingi kabla ya kufika hapa.

Pale ukutani umeandika, juu ya viatu vyake ulivyoviweka chini ya meza, kwamba baba alipenda kufanya kazi pekupeku. Wageni wanaipenda sana hiyo. Wengine wanavua vyao, wanakaa kwenye meza yake miguu mitupu. Neno hilo ulilitoa kwangu. Siku ya msiba uliniuliza kwa nini baba amekutwa karakana hana viatu, nikakujibu alikuwa akisikia joto, alipenda hivyo. Kidole, wewe uliyekulia kwenye ile karakana ukichomeka kidole kwenye kila redio mpaka ukapewa jina, hukumbuki? Lehemu ya moto inadondoka chini pale siku nzima. Baba yako hakuwahi kukanyaga ile sakafu bila viatu. Alikuwa akikuchapa wewe kwa hilo.

Jioni ile ya mwisho aliita kutoka karakana vilevile kama kwenye kaseti yako, usifunge mlango, nakuja sasa hivi. Miaka ishirini na nane nilikuwa nikiyasikia hayo. Chakula kinapoa, naja nakipasha, kinapoa tena. Siku hiyo nilikuwa nimefua tangu asubuhi na nilikuwa na hasira, si kubwa, hasira ya kawaida tu ya mtu na mumewe. Nikasema leo atabisha hodi kama mgeni. Nikaweka komeo. Nikajinyoosha kitandani kumngoja abishe, na usingizi ukanichukua.

Sikusikia akibisha. Viatu vyake nilivikuta alfajiri kizingitini, vimepangwa, vinaangalia ndani, kama alivyozoea kuvivua kabla ya kuingia. Alifika, mwanangu. Alivua viatu, akasukuma mlango, akakuta komeo. Sijui kama aliniita kwa sauti ndogo. Sijui kama alikuwa ameshaanza kuumwa, au moyo ulimkamata baada ya kurudi karakana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, miguu mitupu. Kabla sijamwita mtu yeyote nilivichukua vile viatu nikavipeleka chini ya meza. Vimekaa hapo tangu siku hiyo, nyumbani na sasa ukumbini, na uongo wangu umeandikwa kwa herufi nzuri watu wanausoma.

Hiyo ndiyo sababu. Ukitaka kumwambia msimamizi yote mwambie, ukitaka kumwambia nusu mwambie nusu, lakini Jumatatu asubuhi kabla ya saa mbili umpigie simu umfutie Tochi lile neno. Ana haki yake na ni fundi safi. Mpangaji wa dada yako ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono, atafika kwako Jumapili. Mpe chai. Nami ukinikasirikia nitakuelewa. Kasirika, ila usinyamaze, maana kunyamaza kwenu nyie watoto wa yule mzee nakujua.

Waya nimeurudisha tangu juzi na sitauchomoa tena. Viatu nimevitoa chini ya meza. Nimeviweka kizingitini, vinaangalia ndani, na wageni wanaviruka wakiingia. Wananiuliza ni vya nani. Nawaambia ni vya mwenye karakana, yuko njiani. Kile kibao cha pekupeku nimekifunika na kalenda mpaka utakapoandika kingine.

Jana saa kumi na moja nilipita na funguo zangu, naye akasema maneno yake. Nilisimama mpaka akamaliza. Nikamwambia, hapa nafunga, ukumbi si wangu. Nyumbani mlango nitaurudishia tu, sitaweka komeo. Na kweli ndivyo nilivyolala.

Dada yako anauliza utakuja lini, nami nauliza hilohilo. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, hata yule unayesema hapiki. Jifunike kifua.

Ni mimi mama yako,
niliye kwenye kiti cha pembeni.