Trekta Lililo Nyuma ya Duka la Mzee Nassor

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, kama ambavyo ningekuamkia uani kwetu wewe ukiwa umeketi na ugoro wako. Je, goti limepoa? Na mama kifua chake kinaendeleaje? Mimi mzima, kazi ya kwenye kinu cha mafuta ya nazi ninayo bado, ila vidole vya mkono wa kulia vimechubuka, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi. Jinsi vilivyochubuka ndiyo habari yenyewe ninayokuandikia.

Najua unangoja neno langu kabla ya kuwapeleka mnadani Mabala na Sultani. Ulisema nikiliona trekta linafaa, utawauza hao maksai, pesa zao tuziunganishe na zangu, tuilime mbuga yote badala ya kile kipande unachokiweza kwa plau. Ukasema pia mawingu yameanza kukusanyika huko. Nimeyaweka yote hayo moyoni, na kwa kweli yamenikosesha raha, kwa sababu maksai wakishauzwa hawarudi.

Basi trekta lenyewe liko nyuma ya duka la Mzee Nassor, Mwarabu mmoja mzaliwa wa hapa hapa, aliyelipata kwa mzungu wa mashamba ya mkonge aliyerudi kwao. Ni la zamani. Magurudumu yake ya nyuma ni ya chuma tupu yenye meno, na kiti ni cha chuma chenye matundu. Nilipoliona mara ya kwanza kuku alikuwa ameatamia chini ya kiti hicho, na Mzee Nassor akakataza asisumbuliwe mpaka vifaranga watoke. Sikuchukia. Nilipata nafasi ya kulitazama. Kila nikitoka kinuni nilipita kwake, nikalala chini ya tumbo la trekta, nikagonga hapa, nikanusa pale, nikauliza mpaka mwenye duka akasema hajapata kuona mteja mchokozi kama mimi.

Uliniuliza linakula nini, linalala wapi, na likiugua nani analiganga. Nilipoyasoma maswali hayo nilicheka, halafu nikaona hakuna mengine ya kuuliza. Chakula chake ni cha namna mbili. Kwanza unalinywesha petroli kidogo liamke, likishapata moto unalifungulia mafuta ya taa, maana ukilianzishia hayo haliamki kabisa. Nimelipenda jambo hilo, sijui kwa nini. Kulala linalala popote, ila mvua ni adui yake, na Mzee Nassor amelijengea kibanda cha makuti. Kuhusu ugonjwa, nilimwendea fundi mmoja Singasinga anayetengeneza malori. Akaniambia vipande vingine anaweza kuvichonga mwenyewe, lakini vingine lazima viagizwe Ulaya, na hapo mtu hukaa akangoja meli. Nikamuuliza angoje mpaka lini. Akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza.

Hata hivyo, baba, bado nililitaka. Nisikufiche. Nilikuwa nikijiona nimelipanda, nikiingia nalo mbugani, na wewe umekaa kivulini huna kazi ila kunisahihisha.

Lakini uani kwa Mzee Nassor ni pakavu, na mbuga yetu ikilowa inashika mguu mpaka gotini. Nikamwambia silinunui mpaka nilione kwenye tope. Alinuna kidogo, kisha akakubali, na leo asubuhi tumeteremka nalo bonde la Msimbazi, kwenye shamba la mpunga la Kibwana, jirani yangu. Kibwana ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani wake hauna likizo. Tangu nimehamia hapa hajaniita kwa jina, huniita mpagazi kwa ajili ya mizigo ya misafara waliyobeba babu zetu, nami namwita mcheza ngoma. Mke wake akipika samaki hunitengea, na Kibwana huja kumla akidai ni haki ya mtani.

Kuliamsha kulinigharimu ngozi ya vidole. Hendeli ilirudi kwa nguvu ikanipiga. Lakini lilipokubali kuwaka, nchi ilitetemeka na watu wakatoka majumbani. Dereva wa Mzee Nassor akateremsha plau. Baba, natamani ungeuona mstari ule wa kwanza! Udongo uligeuka mweusi, wote, kwa upana usiofikiwa na Mabala na Sultani hata wakisukumwa na shetani. Moyo wangu ulisema hili ni letu. Nilikuwa tayari nimekwisha kukuandikia kichwani.

Likafika upande wa chini, palipolowa. Lilipogeuka, yale magurudumu ya chuma yakaanza kuchimba badala ya kutembea. Dereva akaongeza mafuta, nalo likazidi kujichimbia, mpaka tumbo likakaa kwenye tope. Likakohoa, likatoa moshi, likanyamaza. Tukalizungusha hendeli kwa zamu. Kimya.

Watu wakaleta kamba walivute. Hapo Kibwana akapita katikati yao, akalala chali juu ya boneti, akafumba macho, akaanza kulia kwa sauti ya kike. Unajua kazi ya watani msibani. Akasema maiti haondoki mpaka wenyewe wamtoe mtani kwa kitu. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga shamba la pili wakaangua vigelegele. Mimi nikacheka mpaka nikasahau vidole, nikavua kofia yangu, ile mpya ya Idi, nikamvika nikamwambia haya, ondoka.

Mzee Nassor akaniwahi. "Mmesikia nyote? Katoa mwenyewe kwa mkono wake. Anayemtoa mtani ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye mwenye maiti. Basi trekta lako, kijana. Lipa."

Hapo niliogopa, kwa sababu kweli nimetoa, tena mbele ya watu, na desturi hiyo si ya kupingana nayo. Alikuwa anatania nusu. Nusu ya pili sikuiamini.

Kibwana akafumbua jicho moja. "Mzee, tangu lini mfiwa akauziwa maiti yake? Mfiwa anapewa ubani. Wewe ndiye umpe." Kisha akaanza tena kuomboleza, na maneno yake nimeyabeba mpaka hapa mezani. "Ole wake baba yake mpagazi, kule Tabora anauza ng'ombe wazima aje anunue marehemu."

Walicheka hata Mzee Nassor akacheka, na mambo ya kulipa yakaishia hapo. Mimi nilicheka nao, lakini nikashika kamba na kuvuta nikiwa nimeinamisha kichwa. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningekasirika. Mtani huwezi kumkasirikia, na kwa hiyo unabaki na maneno yake tu.

Baba, usiwauze maksai. Ulime kile kipande, na likizo yangu nitaiomba iangukie mvua za kwanza, nije nishike plau upande wa pili tuongeze kidogo. Trekta tumelitoa, na Singasinga anasema litawaka tena. Huenda kesho nikapita kuliangalia, maana nataka kujua ni kitu gani hasa kilicholizima. Kutazama hakuuzi ng'ombe.

Mpe mama mkono wangu, na dada Zuhura na shemeji mwenye kuchonga mizinga ya nyuki, na mjomba anayetunza ufunguo wa msikiti. Shemeji nina ombi kwake: akirina, anitilie asali kwenye debe, ije kwa gari moshi. Kibwana anadai malipo ya mazishi, na kofia anasema ilikuwa ya kumwamsha tu.

Mabala na Sultani wapitishie mkono mgongoni kwa ajili yangu. Usiwaambie kilichokuwa kikizungumzwa.

Mwanao akupendaye,
Kasimu