Waya wa Shaba Ukutani

Panda, Alhamisi, mvua

Imekufa tena. Mara ya kwanza ilikuwa alimantasio, kile kisanduku cha kuingiza umeme, mara ya pili disiki, na leo ordinatere, kompyuta yetu, imetoa moshi, kioo kikawa cheusi. Ndani mna kazi ya kumaliza chuo ya binti yetu Thérèse, anapaswa kuipeleka Jumatatu. Sijasikia hata hasira. Nimeifunika na kitambaa tu.

Mchana akapita Papa Ilunga, aliyekuwa fundi wa umeme kule usine, kiwandani tulikofanya kazi. Hakufungua hata skurubu moja. Aligusa sanduku la chuma, akarudisha mkono haraka.

"Papa, hii inakuuma tangu lini?" akaniuliza.

Tangu mwaka jana, nikamwambia. Nilidhani ndivyo zilivyo.

Akatoka nje, akafuata ukuta akiangalia chini. "Waya ya tère iko wapi? Kila nyumba ya kampi hii ya usine ilikuwa nayo, shaba munene ya kuingia mu udongo. Bila ile, kila radi inamalizikia mu mashini yako."

"Ba mwizi," nikasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni anachunga unga. Hakuinua kichwa.

Waya ule niliuchimba mwenyewe mwaka jana, miezi ile usine haikulipa mtu. Mnunuzi wa shaba alinipa unga.

Thérèse amerudi jioni, ameuliza shida ni nini. Nimesema radi.

Mwaka jana ni yeye Thérèse aliyesonga bukari, ugali wa unga ule wa shaba. Alinipakulia mimi kwanza. Nilikula, nikaomba aniongeze.