Mkoromo Ulionipa Cheo

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikipita sijui nitauweka wapi uso wangu. Mimi ni mkata vitambaa katika kiwanda cha kushona sare za shule, nina mke na watoto wawili, na mwenye kiwanda, ambaye sisi tunamwita Mama Kengele, miezi mitatu iliyopita alirudi kutoka semina na kikengele cha shaba akatuambia kuanzia sasa kila saa nne asubuhi tutazima mashine, tutakaa juu ya majora ya vitambaa, tutafumba macho na kusikiliza pumzi zetu kwa dakika ishirini ili akili zitulie, na mimi, Shangazi, siku ya kwanza nilifumba macho na sikumbuki tena kitu, nilipozinduka nikakuta mafundi wote kumi na wanane wananitazama na Mama Kengele anajifuta machozi, anasema, "Mmeisikia hiyo pumzi? Hiyo inatoka tumboni kabisa. Mwenzenu amefika."

Nilikuwa nimelala, Shangazi. Nilikuwa nakoroma. Ningesema palepale, lakini nilikuwa na udenda kidevuni na heshima ambayo sijawahi kuipata pale kiwandani, kesho yake nikapewa cheo cha Kiongozi wa Utulivu na mto wa kukalia, na sasa mafundi wote wanaiga pumzi yangu pamoja na kale kamluzi kanakotoka mwishoni, hata juzi fundi wa mashine alikuja mbio na spana akiuliza ni mashine gani inakufa. Kibaya zaidi inawasaidia, visa vya vidole kuchomwa sindano vimepungua, na yule dada wa vifungo ambaye alikuwa hasemi na mtu tangu mwaka jana siku hizi anasalimia.

Sasa Ijumaa ni siku ya familia kiwandani, nitaongoza utulivu mbele ya wageni, mama watoto anakuja, na yeye ndiye aliyenihamishia kwenye kochi la sebuleni miaka miwili iliyopita kwa sababu ya mkoromo huohuo, ule mluzi anaujua kama anavyoujua mlango wetu, nyumbani nimemwambia nafundisha elimu ya pumzi naye amejisifu mpaka kwa mama yake, na hana kifua, akiusikia tu atacheka mbele ya watu wote na cheo kitakwisha, labda na kazi. Je, nijifanye mgonjwa siku hiyo?

Ni mimi,
Kiongozi wa Utulivu Nisiyetulia

*

Kiongozi usiyetulia,

Nimecheka mpaka chai imemwagikia barua yako. Sasa nimemaliza, kaa vizuri tuongee.

Usijifanye mgonjwa, kwa sababu inawezekana unaumwa kweli. Mtu mzima anayefumba macho saa nne asubuhi akapotea hapohapo hajafika popote, anatakiwa afike hospitali. Na kazi yako ni kushika mkasi, mwanangu. Kesho nenda kwa daktari, umweleze mkoromo, mluzi na kochi, usiruke kitu.

Hao mafundi unaodhani unawadanganya, umewahi kufungua jicho moja ukawatazama? Utawatazamaje, nawe umelala. Mimi nakuambia nusu yao wamelala pia. Watu wanaoinamia sindano tangu asubuhi walikuwa wamechoka, na hizo dakika ishirini zimewapumzisha, ndiyo maana vidole vimepona na dada wa vifungo anasalimia. Basi mwambie Mama Kengele ukweli kabla ya Ijumaa, na umwombe asiwanyang'anye wenzako dakika zao kwa kosa lako. Cheo kikienda, kiende. Ulikipata usingizini, hata hutasikia kikiondoka.

Mkeo mwambie leo jioni. Mficha uchi hazai, na wewe unaficha mkoromo ambao bila shaka majirani wanausikia. Acha acheke nyumbani, amalize. Pole nakupa, lakini nusu yake ni ya mkeo. Alikuambia una tatizo miaka miwili iliyopita, bila semina wala cheti, nawe ukanuna ukabeba blanketi. Hilo linanikera kuliko uongo wako wote.

Ijumaa mkalishe mbele, juu ya mto wako, na kengele aishike yeye. Ukianza tu ule mluzi, aipige.