Baba Hahamishwi Nyakiyumbu

Nyakasanga,
Kasese.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Ahumuza,

Salamu kutoka nyumbani. Habari za Toronto na baridi yake? Wifi Atwine hajambo? Na mtoto wenu Pretty, kifua chake kimepona? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama, ambaye presha imempanda tangu jana. Aliyempandisha presha ni wewe, ndiyo maana naandika. Simu ungenikatia. Naandika kwa Kiswahili chetu cha kambi za jeshi ili mama naye aisome kabla sijaituma.

Jana ilikuwa misa ya kumkumbuka baba, mwaka wa tatu tangu tumzike. Mimi na mama tulitoka Kasese asubuhi, yeye amevaa gomesi jeupe alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Tulifika Nyakiyumbu tukidhani tutamkuta padri na viti. Tulikuta lori.

Kando ya lori alisimama yule mtu wako wa Kampala, Ssali, pamoja na vijana wenye sururu na majembe. Walikuwa wameshapasua saruji ya kaburi na kuanza kuchimba. Jeneza jipya lenye vioo lilikuwa limewekwa juu ya turubai. Nilimuuliza anafanya nini pale. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayehamisha kabati, kwamba mtoto wa kwanza wa jenerali ameagiza mwili upelekwe Ibanda kwa ukoo wake, kaburi la marumaru liko tayari na wageni wakubwa wanangoja. Yeye hakujua kwamba mama hajaambiwa. Wewe ulijua.

Usiniambie habari za mila. Baba mdogo Ahimbisibwe alinionyesha bango lako kwenye simu yake: sura yako mbele, baba nyuma na magwanda na medali zake, na chini unaomba kura. Unataka ubunge wa Ibanda, sawa, utafute. Lakini kampeni utaifunguaje juu ya mifupa ya baba? Na uliwaandikia wajomba kwamba jenerali hawezi kulala katikati ya mihogo ya watu. Baba alipostaafu aliikataa Kampala, akalima kahawa hapo Nyakiyumbu, akatuambia sote kwa kinywa chake kwamba atazikwa hapo. Wewe ulikuwepo, ukaitikia.

Kama umesahau sababu, nakukumbusha. Wakati wa vita vya milimani, baba yako, wakati huo bado Brigedia Byamukama, ndiye aliyeongoza jeshi upande ule wa Nyakiyumbu. Watu walikuwa wamekimbia, wanalala shuleni na makanisani. Kijana mmoja akapanda shambani kwao kuchimba mihogo, askari wa baba akampiga risasi akidhani ni muasi. Ilikuwa rahisi kusema ni muasi kweli, mambo yakaisha. Baba alimfikisha yule askari mahakamani. Kisha akaenda matangani bila bunduki, akaketi chini kwenye vumbi, akamwambia mama wa marehemu mbele ya wote: "Mtoto wako hakuwa muasi. Askari wangu ndiye aliyemuua. Kosa ni langu."

Mama huyo ni Ithungu. Tangu siku hiyo watu wa pale walianza kuzungumza na jeshi, wakaonyesha njia walizopita waasi, na vita vikahamia mbali nao. Heshima ya baba ilitoka matangani pale, Ahumuza. Medali zilikuja baadaye.

Basi jana Ithungu alikuja kwenye misa. Amezeeka, macho yake hayaoni vizuri, anatembea na fimbo. Alipoelezwa kinachoendelea, alipapasa kwa fimbo hadi kaburini, akaketi juu ya saruji iliyopasuliwa, miguu ikining'inia shimoni. Wanawake wengine wakamfuata, wakaketi. Ssali akamsihi aondoke, akisema jambo hili ni la familia. Ithungu akamjibu kwa Kiswahili chake cha mpakani:

"Huyu mutu alilia mutoto wangu pamoja na mimi. Kama mimi si familia yake, unitoe na hiyo sururu."

Vijana wakaweka sururu chini bila kuambiwa na mtu. Ssali akakupigia simu. Ulisema waitwe polisi. Usikane, alikuwa ameweka spika. Ulitaka bibi kizee akokotwe juu ya kaburi la baba yako, na mama yako alikuwa anakusikia.

Mama hakupiga kelele. Unamjua mama yetu Lanyero, hasira yake haina sauti. Aliokota jembe, akaanza kurudisha udongo. Nilitaka kumpokea, akanikatalia. Gomesi lile likawa jekundu kwa vumbi. Ndipo Syahuka, aliyekuwa sajini wa baba, akampigia saluti kama anavyompigia afande, akawageukia vijana wa Ssali, akasema neno moja: "Kazi." Wale wale waliokuja kumfukua baba ndio waliomfunika. Baada ya hapo padri akasoma misa.

Ssali aliondoka na lori, jeneza akaliacha. Kuna mzee alifariki Bwera, watu wake wakakosa jeneza. Tumewapa hilo. Leo mchana amezikwa ndani ya vioo vyako kama waziri.

Sasa nisikilize. Kaburi lako la Ibanda likae tupu, au ukalale humo mwenyewe. Picha ya baba iondoe kwenye bango. Usipoiondoa, siku utakayopanda jukwaani Ibanda nitakuja na Ithungu, nimwombe awasimulie wapiga kura wako alichokiona jana. Nchi nzima inaweza kukuchagua, lakini sisi tunakujua.

Baba mdogo Ahimbisibwe anakusalimu, yeye amekwisha kukusamehe. Mimi bado. Syahuka hakutuma salamu. Mwambie wifi Atwine sina neno naye. Pretty mkumbatie kwa niaba yangu, umwambie babu yake yuko pale pale tulipomweka. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, akupe na aibu.

Mama ameisoma barua hii hadi hapa. Nilimuuliza kama naye ana salamu. Akaniambia niandike kama anavyotamka:

"Siku nikifa, asitume mtu. Aje mwenyewe, au asije."

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ninayekupenda hata kwa hasira hii,

Kiconco