Sura ya Saba na Jina la İdris

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Bi Nurcan, mhariri, amenipigia simu kutoka Istanbul. Riwaya yangu itachapishwa! Sababu ni moja, amesema: sura ya saba. Humo nimesimulia jinsi baba alivyopewa kitambulisho cha kaka yake. Mtoto wa kwanza, İdris, alifariki. Babu hakwenda kwa msajili kuripoti kifo. Baba alipozaliwa, karatasi ilikuwapo tayari, na jina na umri pia. Vijijini kwetu lilikuwa jambo la kawaida. Nimempa baba kurasa hizo azisome. Natarajia pongezi.

Jumatano, 6 Novemba

Baba hakufoka — afadhali angefoka. Nilimkumbusha kwamba kisa hiki hukisimulia mwenyewe mkahawani, hapa Çorum: alivyoanza shule akiwa mdogo kuliko begi lake, jeshi lilivyomwita kabla hajaota ndevu. Wenzake hucheka hadi chai inamwagika.

"Nikisimulia mimi ni mzaha," akasema. "Ukiandika wewe, mwanangu, ni tangazo. Na mama yangu je? Zaidi ya miaka hamsini hajamtaja yule mtoto. Unataka kumuua?"

Nikapendekeza kubadili majina. Akauliza kama na Çorum nitaibadili.

Kurasa amezitia motoni, juu ya makaa. Nakala ninayo. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Novemba

Tasnifu yangu ilihusu namna jamii na utamaduni vinavyofinyanga ubunifu wa waandishi wa riwaya wa Kituruki. Daraja la kwanza! Kurasa mia na ishirini, wala hapana hata mmoja unaonielekeza la kufanya mezani, baba akinipitishia mkate bila kunitazama.

Nimemwomba Bi Nurcan aiondoe sura hiyo. Amecheka kidogo.

"Berrak mpenzi, ukiitoa, zinabaki harusi na chai. Za namna hiyo ninazo kabati zima."

Amenipa hadi kesho saa sita mchana: yote, au niichukue riwaya yangu.

Nitaichukua. Miaka minne ya kazi. Hata machozi sina.

Ijumaa, 8 Novemba

Bibi Hacer, mama yake baba, alisikia kila kitu. Kuta zetu ni nyembamba. Asubuhi hii amejifunga kitambaa chake kizuri, akaketi, akaniambia nimsomee, maana yeye hajui kusoma. Baba akadai hakuna cha kusomwa.

"Nyamaza wewe. Nilikupa jina lake, sikukupa ruhusa ya kumfuta."

Nikaileta nakala, nikasoma. Kurasa kumi na moja: shule, begi, jeshi, ndevu. Nilipomaliza, bibi aliendelea kunitazama mdomoni, kana kwamba kuna zaidi.

"Na yeye yuko wapi?"

Nikapekua. Yumo. Mstari mmoja: mtoto wa kwanza alifariki mapema. Sikuandika aliugua nini. Sikuandika kama alikuwa ameanza kutembea. Sikuwahi kuuliza — kwetu hakuulizwi — na pengo hilo nimeliita sanaa, Bi Nurcan akalisifu.

Nikamgeukia baba. Naye hajui.

Saa sita kasoro dakika tano. Simu inaita, ni Istanbul. Bibi ameniamuru nishike kalamu, niandike anavyosema yeye, neno kwa neno. Naandika:

Nywele zake zilikuwa —

Anazitazama nywele za baba, zenye mvi. Anafumba macho, anaanza upya.

Nywele zake zilikuwa —

Simu ingali inaita. Bibi anamtafuta mtoto wake.