Pointi za Dada Jucilene

Montes Claros, 3 Novemba 2013

Dada Juci,

Shikamoo. Mimi mzima, na nakuarifu kwamba kuanzia hapa mpaka huko kwenu pwani hakuna mtu anayecheza poka ya mtandaoni kama mimi. Nikiweka dau, Warusi wanafunga kompyuta wanakwenda kulala. Juzi jamaa wa Kanada kaniandikia palepale mezani: "Wewe ni nani?" Nikamjibu: "Edivan, mwana wa Zulmira. Anza kuuza fanicha."

Mama hajambo, presha imeshuka. Ila kutwa ni sifa zako. "Juci wangu analipwa hata siku akishindwa." Hapo ndipo panaponiuma. Kampuni ni ileile, karata zilezile, na kila mchezo inamega kipande chake kwenye dau. Wewe kila wiki unarudishiwa karibu nusu ya ulichomegwa. Mimi sirudishiwi hata cha kununulia mkate wa jibini. Sasa nasikia huyo Uelton mnayekaa naye nyumba moja naye anarudishiwa. Nani kampa namba ya mwaliko ya kurudishiwa? Wewe! Mtu si ndugu, hata ndevu hajui kunyoa.

Mdogo wako wa pekee, kama hujaokota mwingine,
Edivan

Florianópolis, 9 Novemba 2013

Edivan mdogo wangu,

Marahaba. Afadhali presha ya Mama imeshuka. Mpunguzie chumvi hata akinuna. Huku tuko wanne, wazima, macho mekundu kwa kukodolea kompyuta.

Na wewe acha kununa. Namba ya mwaliko huingizwa siku ya kufungua akaunti, siku hiyo tu. Wewe uliposikia kuna bonasi ya kukaribisha wageni ulijitosa bila kuuliza mtu. Tena bonasi yenyewe hutoka kidogokidogo kadiri unavyocheza. Ukacheza siku tatu, ukaenda zako kwenye maonyesho ya ng'ombe, muda ukaisha. Uelton aliuliza kwanza. Hana cha zaidi.

Sasa nisikilize. Kila mchezo kampuni inanipa pointi, na nikifikisha za ngazi ya juu kabla mwaka haujaisha, mwaka ujao wote marejesho yangu yatatosha kodi ya watu wawili. Januari nakuleta, nakukalisha ubavuni, nakufundisha upya. Nisipofikisha, pointi zinafutwa, na wewe unabaki hukohuko. Kwa hiyo nivumilie nikichelewa kujibu, nacheza meza kumi na mbili kwa pamoja.

Jambo moja uanze kulijua kabla hujaja: wa nyumba moja hatukai meza moja, hata kwa utani. Kampuni ikiona wawili wa mtandao mmoja, yaani intaneti ya nyumba moja, mezani, inasema wanapeana karata ili wawale wengine. Inafunga akaunti, haisikilizi mtu.

Dada yako,
Jucilene

Montes Claros, 1 Desemba 2013

Dada,

Shikamoo tena. Sisi wazima, paa linavuja palepale.

Nimeiona picha mliyoweka. Ile chupa ya pequi, matunda ya kwetu, niliyokutumia, niliyomenya kwa mikono yangu hii mizuri, nani anaichokoachokoa kwa kijiko? Uelton! Natumai aliuma mpaka kwenye kokwa, miiba ikamjaa ulimi. Na maneno uliyoandika chini: "Kaka yangu wa huku." Kaka! Mama kaangalia kasema, "Kijana mpole huyu, anaonekana anasikia akiambiwa." Akanitazama mimi. Siku hiyo sikula. Yaani nilikula, lakini kwa hasira.

Njoo Krismasi. Nimeweka mtandao wenye kasi, nimelipia mwenyewe, utamalizia pointi zako sebuleni huku Mama anakuletea kahawa. Njoo peke yako.

Mdogo wako wa damu,
Edivan

Florianópolis, 6 Januari 2014

Edivan,

Hamjambo? Mwambie Mama nilifika salama, na keki yake ilifika nusu.

Sikutaka kukuambia kwa simu, ningelia. Siku mbili baada ya kurudi, akaunti yangu ilifungwa. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana, kama jioni mbili za kucheza. Nikaandika, nikabembeleza. Wakajibu mistari miwili: nimekaa meza moja na mtu wa mtandao mmoja nami, na hawataji jina. Pointi zimekwenda na akiba niliyokuwa nayo humo.

Mtu wa mtandao mmoja nami ni nani kama si Uelton, niliyemwambia karata zangu zote? Nilimuuliza mbele ya wenzetu. Akaapa kwa mama yake. Nikamwambia, "Mwongo mkubwa wewe, nimekufundisha kila kitu." Tulipiga kura hapa nyumbani aondoke, akafunga begi. Sijui amelala wapi tangu siku hiyo.

Ngazi nimeikosa, lakini kitanda chake kiko wazi na wenzangu wamekubali kunisaidia kodi mpaka nisimame. Njoo tu, mdogo wangu. Angalau wewe nakujua.

Dada yako,
Jucilene

Montes Claros, 19 Januari 2014

Dada Juci,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi pia, nilitaka kuandika kwamba nimekuwa mkali zaidi, lakini barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara majigambo yananiishia hapahapa.

Begi nimelifunga. Nikalifungua. Mama ananiuliza, "Unangoja nini, basi liote mbawa?"

Wiki ya Krismasi, ulipokuwa bafuni, niliinakili ile namba ya mwaliko kwenye kompyuta yako. Nikafungua akaunti kwa jina la Mama, kwa kitambulisho chake. Nilitaka nirudishiwe na mimi, basi. Mtandao ni uleule wa nyumbani, nilijua. Nikajisemea, kampuni ina mamia ya meza, nitakaa mbali naye.

Na nilikaa mbali, siku mbili. Halafu jioni moja nikakusikia sebuleni unaongea na Uelton kwa simu. Unacheka, unamwita kaka, unamwambia karata zako zote. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, hukuniuliza hata kama nimekula.

Uelton hakukaa na wewe meza yoyote, dada. Na mimi sikukosea meza. Niliandika jina lako kwenye kisanduku cha kutafuta wachezaji, nikakuona, nikakaa.

Mdogo wako,
Edivan